Nilichomjibu Nesi

Koleta mwanangu,

Wewe uko Matombo unaaga wajomba, na mimi nimekaa hapa kwenye cherehani, mguu wa kushoto nimeupandisha juu ya stuli kama mgeni rasmi. Leo sina nguvu ya kusimama tena. Nimetembea kuliko nilivyotembea mwezi mzima. Nitakueleza nilikokwenda, ila nivumilie nifike huko taratibu, maana mambo haya sijawahi kuyapanga hata kichwani mwangu.

Sikuandikii habari za kuanika godoro wala kuchagua marafiki. Kupika unajua kuliko mimi, na huko Sumbawanga unakokwenda kufundisha utaona wenyeji wanaishije, utaishi hivyohivyo. Ualimu umesomea. Ninachokuandikia ni habari ya mguu wako, na neno moja nililolisema miezi mitatu iliyopita mbele yako, ambalo wewe hukulishtukia.

Unaikumbuka siku ile kliniki. Ulikuwa umetoka Bukoba kwenye harusi ya rafiki yako, umekaa kwenye basi mchana kutwa na usiku kucha, na paja lako la kushoto limevimba mpaka suruali haipandi. Picha ilikuwa imeshapigwa, wameshaona damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa pajani. Nesi yule mwenye miwani akawa anajaza fomu. Akauliza kama unavuta sigara, kama una mimba, kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Ukajibu yote. Kisha akauliza, "Kwenye familia kuna mtu aliyewahi kugandwa na damu? Mama, bibi, mama mdogo?" Wewe ukanigeukia mimi. Mimi nikasema, "Hapana. Sisi hatuna."

Na mguu wangu huu hapa, chini ya kitenge, na bandeji niliyoifunga asubuhi ileile wewe ukinishikia mkasi. Hukushangaa. Tangu upate akili unajua kwamba mguu wa mama si ugonjwa, mama alikanyaga. Alitegewa kitu njiani, akakikanyaga, basi. Ndivyo ulivyolelewa, na aliyekulea hivyo ni mimi. Nesi akaandika "hakuna" na kufungua ukurasa mwingine.

Baadaye tukaingia kwa dokta, yule kijana mwenye sauti ya chini. Ukamuuliza kama mguu utarudi ulivyokuwa. Akakuambia kuna watu damu inaganda mara moja, wanatibiwa, mguu unasahau. Na kuna wengine mguu hausahau. Unabaki na uzito, unavimba kila jioni, ngozi ya juu ya kifundo inakuwa nyeusi na ngumu, na wengine huishia kwenye kidonda kisichofunga. Nani atakuwa yupi hakuna anayejua kwa hakika, ila yako mambo anayoyaangalia na kuyajumlisha: damu imegandia wapi, mwili una uzito gani, mguu unaonekanaje baada ya mwezi wa kwanza. Wewe na mdomo wako ukamwambia, "Kumbe dokta na wewe unaagua." Akacheka, akasema mganga hujua bila kuuliza, yeye bila kuuliza hajui chochote.

Halafu akaacha kucheka. "Ninachokiogopa zaidi ni damu kuganda tena kwenye mguu uleule," alisema. "Hapo ndipo mishipa inapoharibika kabisa. Lakini kwako sababu tunaiona, ni safari, na kwenye familia hamna historia. Utameza dawa miezi mitatu, kisha tutaacha."

Kwenye familia hamna. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yako, naangalia kalenda ukutani. Ilikuwa kazi ndogo sana kusema, "Dokta, samahani, nimekosea." Watu husema hivyo kila siku. Nilishindwa.

Sasa nikueleze ya kwangu.

Nilirudi Matombo kukuzaa wewe, kama wanawake wa kwetu wanavyorudi nyumbani kwa uzazi wa kwanza. Mama yetu alikuwa amefariki siku nyingi, kwa hiyo aliyenipokea ni dada yangu Yustina. Ndiyo, mama yako mkubwa Yustina, yule tunayemkwepa sokoni. Yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, yeye ndiye aliyepika uji wa pilipili manga, yeye ndiye aliyekubeba mgongoni wakati mimi nimelala. Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alikuimbia mpaka nikaona wivu.

Siku ya kumi na kitu mguu wangu wa kushoto ukavimba. Yustina akaukanda zaidi, maskini, akidhani anasaidia, nao ukazidi. Wanawake wakaanza kunong'ona mlangoni. Mzazi mbichi, mguu umevimba upande mmoja, na ndani ya nyumba kuna mwanamke asiye na mtoto. Mjomba, kaka yake mama, akaita mganga. Mganga hakuniuliza hata jina. Aliutazama mguu, akasema ni mtu wa damu yangu, wa kike, yuko karibu, ameweka kitu kwenye njia ya kisimani. Sote tulijua njia ya kisimani anapita nani.

Uelewe kilichokuwa hapo katikati. Kwetu ardhi inafuata wanawake, na mjomba ndiye msimamizi. Shamba la migomba la mama lilikuwa letu wawili, Yustina na mimi. Mwanamke anayetegea watu hakai kwenye ardhi ya ukoo.

Yalipozidi, marehemu baba yako akaja kutoka kwenye mashamba ya miwa Kilombero alikokuwa kibarua, akanibeba mpaka hospitali ya mjini. Huko nikakutana na daktari mzee, mpole. Aliuliza maswali mpaka nikachoka. Nilijifungua lini, nililala siku ngapi bila kutembea, mama yangu alikufa kwa nini. Hilo la mama nikasema sijui, na kweli sikujua. Akanieleza kwamba damu imeganda kwenye mshipa, kwamba ni jambo linalowapata wazazi, kwamba hakuna kitu chochote nilichokanyaga. Akanipa dawa, akasema nirudi kila baada ya wiki chache wapime damu, na nisiache mpaka yeye aseme.

Kwa hiyo nilijua, Koleta. Hili ndilo linalonichosha kuliko mguu wenyewe. Nilirudi Matombo nikiwa najua. Nikakuta kikao kimekaa, mjomba ameshatamka, na Yustina anafunga nguo zake kwenye kanga. Nilisimama mlangoni nimekushika wewe. Angalau ningesema, "Mjomba, daktari amesema ni damu." Sentensi fupi kuliko hata sala ya chakula. Nikajiambia nimechoka, nitasema kesho. Nikajiambia labda mganga naye anajua lake. Na chini ya yote hayo nilikuwa nikitazama ile migomba, nikaona inanitosha mimi na wewe. Dada yangu akashuka mlima peke yake, na shamba likabaki kwangu.

Ukishasema uongo kwa kunyamaza inabidi uuishi. Ningemezaje dawa za damu mbele ya watu walioamini nimetegewa? Mganga akasema dawa zake na za hospitali zinagombana. Barabara yenyewe unaijua, mvua ikinyesha hakuna gari linalopanda. Mguu ulikuwa umepungua. Baada ya mwezi nikaacha vidonge. Nilipenda uaguzi wa mganga kwa sababu haukunidai kitu, hata jibu moja.

Masika yale mguu ukavimba tena, uleule. Nilirudi kwa daktari mzee kwa aibu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuminya kwa kidole, shimo likabaki, akalitazama. "Mama," akasema, "sasa huu utakaa na wewe. Utaanza na uzito jioni. Halafu ngozi hapa juu ya kifundo itageuka rangi. Halafu siku moja utajigonga kidogo tu, na hakitafunga." Akanipa soksi za kubana, akanionyesha jinsi ya kuzivaa kabla ya kushuka kitandani. Nilizivaa siku nne. Zilikuwa za moto, na majirani waliuliza kama nimekuwa mzungu. Nikazikata, nikazitumia kuning'inizia vitunguu jikoni.

Kila alichosema kilikuja, na kwa mpangilio aliousema. Ulipoanza darasa la kwanza nilikuwa nimeshahamia hapa Kilakala kushona sare, na jioni mguu haukanyagi pedali. Ulipofika darasa la tano ngozi ilikuwa nyeusi. Ulipokuwa sekondari nilijigonga kwenye mguu wa meza hii hii, mchubuko wa saizi ya kifungo cha shati. Ndicho kidonda unachokijua. Ulipokuwa ukikisafisha na kuziba pua kwa kutania, ukisema "mama mkubwa kakuweza," mimi nilicheka na wewe. Nilicheka, Koleta. Nilikufundisha kutopokea hata ndizi mkononi mwa mwanamke aliyekubeba wewe kabla kitovu chako hakijakauka.

Basi wiki iliyopita ukaja na karatasi ya dawa, ukaitikisa mbele yangu. "Mama, vimebaki vya siku tisa. Nikipokea mshahara wa kwanza nimeshamaliza utumwa." Ukaenda zako bafuni unaimba. Mimi nikashona kola ya shati la mtoto wa watu upande wa nyuma, nikafumua, nikashona tena vilevile.

Leo ulipoondoka kwenda Matombo, nilivaa nikaenda kliniki. Nilikaa kwenye benchi mpaka zamu yangu. Yule dokta alinikumbuka, akanipa shikamoo, akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikapandisha kitenge, nikafungua bandeji, nikaweka mguu juu ya kiti chake. Nikamwambia, "Siku ile nilidanganya. Huu ni wa damu. Uliganda nilipomzaa huyu mtoto, ukaganda tena nilipoacha dawa."

Akavaa glovu, akaukagua taratibu, akaniuliza mambo yaleyale aliyoniuliza daktari mzee. Alipofika kwenye swali la mama yangu, jibu langu likawa lilelile, sijui, nilikuwa na miaka mitano. "Hakuna anayejua?" akauliza. Nikasema yupo mmoja. "Kamuulize, mama," akasema. "Ninahitaji kujua kabla binti hajasafiri. Nipo hapa mpaka saa tisa."

Nikaenda Kihonda.

Yustina anauza bizari na iliki kibarazani kwake. Nilimkuta anapepeta, ungo magotini. Amezeeka. Nadhani hata mimi, ila mwenyewe huwezi kujiona.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Alitazama mguu kwanza, ndipo akanitazama usoni. "Umefuata nini?"

"Nimekuja kuuliza habari za mama. Alikufaje?"

"Leo hii ndiyo unauliza?"

"Koleta damu imemganda mguuni, dada. Dokta anataka kujua."

Aliuweka ungo chini. Ndani hakunikaribisha, ila alinisogezea kigoda kwa mguu wake. Akaniambia, "Mama alipokuzaa wewe mguu ulimvimba. Wa kushoto. Akawa anauburuza kama unavyouburuza huo. Ulipokuwa na miaka mitano ukavimba tena. Siku ya tatu akainuka jikoni, akasema hapati pumzi. Hata mlangoni hakufika. Mimi ndiye niliyekuwa naye." Kisha akaongeza, "Nililisema hilo kwenye kikao, mbele ya mjomba. Nilisema huu ni mguu wa mama. Mkasema najitetea."

Koleta, alilisema. Nilikuwa mlangoni na nililisikia. Miaka yote nimejiambia kwamba sikusikia vizuri, kwamba wewe ulikuwa unalia. Hukuwa unalia. Ulikuwa umelala.

Nikamwambia, "Nilikusikia, dada. Na daktari alikuwa ameshaniambia ni damu kabla hujafunga mizigo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Sijui nilitegemea nini. Labda anitukane, labda alie. Aliokota ungo wake akaanza tena kupepeta, bizari nyingi ikamwagika. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatisha. "Si leo," akasema. "Nenda, dokta anakusubiri. Huyo mtoto asiache dawa." Nilipofika barabarani akaniita kwa jina, jina langu la utotoni, ambalo wewe hulijui. Nikageuka. Akasema, "Pumzi yake iko sawa?" Nikasema iko sawa. Akaingia ndani.

Nilirudi kwa dokta na majibu. Aliyaandika yote, akafuta lile "hakuna" kwa mstari mmoja. Akasema hesabu imebadilika. Mama, bibi, na sasa wewe, wote mguu wa kushoto, na mmoja alikosa pumzi, maana damu iliyoganda mguuni huweza kupanda mapafuni. Huo wa kushoto kwa wanawake huwa ni kawaida, akasema, lakini watatu mfululizo si wa kupuuza, na safari ya basi peke yake haitoshi tena kuwa sababu. Vidonge usiache hivi vilivyobaki vikiisha. Ameandika vingine, nimeshavichukua. Ameandika na barua kwa daktari wa huko, wakupime damu, na wao ndio watakaoamua ni mwaka au ni maisha. Njiani ushuke kila basi linaposimama, utembee. Na siku ukipata mimba uwaambie mapema, siku ileile unayojua, usingoje uvimbe.

Nilimuuliza swali lako: mguu wake utakuwa kama wangu? Akasema hawezi kuniahidi. Akasema mguu wangu uliharibika sana ile mara ya pili, na wewe mara ya pili bado hujaifikia. Nimeishika hiyo sentensi tangu saa tisa mpaka sasa.

Sina ushauri mkubwa, mwanangu. Mimi si mtu wa kukushauri ushujaa. Ila mtu aliyeshika kalamu akikuuliza habari zako, mpe zote, na zile za aibu umpe kwanza, maana ndizo utakazozificha ukichelewa. Na ukisikia mtu analaumiwa kwa jambo unalolijua wewe, liseme siku hiyohiyo. Ukilala nalo siku moja, ya pili inakuwa nyepesi. Mimi nimelala nalo umri wako wote.

Kuhusu shamba, nimeamua sehemu ya Yustina irudi kwake, na mjomba nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, na kikao kikae tena kama kilivyokaa. Hilo lisikucheleweshe. Usiahirishe safari kwa ajili ya kunihudumia, najua ulishaanza kulifikiria. Mkasi naweza kujishikia.

Nilitaka kukuwekea barua hii kwenye begi uisome ukiwa umeshapita Iringa, mimi niko mbali na macho yako. Ndivyo nilivyozoea kufanya mambo. Badala yake nitakukabidhi mkononi ukiingia tu, ukae hapa kwenye cherehani uisome, na mimi nitakuwa jikoni mpaka umalize. Sitatoka hata kama nikisikia unalia. Ukimaliza uje na hasira zako zote, una haki nazo, useme lolote unalotaka kunisema. Ila saa ya kidonge cha jioni itakuwa imefika. Anza kumeza, ndipo uje.

Mama